Mtoto wa Mkonge Mérida: Majira ya Baridi kwa Miguu katika Mji wa Yucatán

Mérida ni mji mkuu wa jimbo la Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, na sababu ya kwanza iliyonifanya niuchague kwa majira ya baridi ni ya kivivu kabisa: mji mzima uko tambarare. Nilikuwa nimestaafu uuguzi huku Ohio, magoti yamechoka kwa miaka ya kusimama wodini, na daktari alinihimiza nitembee kila siku, jambo ambalo barafu ya Januari hailiruhusu. Nilihitaji mji wa kale wenye mambo ya kutazama, usio na vilima, unaomfaa mwanamke atembeaye peke yake, na usiokomba akiba ya mstaafu. Miji mingi ya kikoloni inayosifiwa Meksiko, kama vile Guanajuato, Zacatecas na San Cristóbal de las Casas, imejengwa milimani, na baridi yake ya usiku haina mzaha. Mérida iko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na Yucatán inahesabiwa miongoni mwa majimbo tulivu zaidi nchini humo. Sababu ya pili ni mkonge. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga, baba yangu alikuwa mkata mkonge, na tangu shule ya msingi nilisikia kwamba mmea ule uliletwa kutoka upande huo wa dunia. Nilitaka kuona ulikotoka.

Nianze na mlango wa kuingilia, kwa sababu ndugu wengi hukata tamaa hapo. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anatakiwa kuwa na viza ya Meksiko, lakini aliye na ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, au viza halali ya mojawapo ya nchi hizo, kwa kawaida huingia kama mtalii bila viza nyingine. Masharti hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi wao kabla ya kulipa tiketi, wala usitegemee maneno ya wakala. Jambo ambalo watu hawalizingatii ni idadi ya siku. Siku 180 ndizo kikomo, si haki ya kila anayefika. Afisa wa uhamiaji ndiye anayeandika utakaa muda gani, na anaweza kuandika pungufu. Kuwa na anwani ya mahali utakapokaa na tiketi ya kurudi mkononi, sema waziwazi unataka kukaa hadi lini, na usome alichoandika ukiwa bado umesimama mbele ya dirisha lake. Kurekebisha hapo ni neno moja tu; kurekebisha baadaye ni usumbufu wa maofisini.

Baada ya hapo, nyumba ndiyo itakayoamua kama utaupenda mji au utauchukia. Nilipanga nyumba ya kale karibu na uwanja mkuu kwa dola 950 hivi kwa mwezi, umeme mbali, nikivutiwa na picha: sakafu ya vigae vya maua, dari iliyo juu sana yenye boriti, na ua wa ndani wenye mndimu. Picha hazitoi sauti. Nyumba za katikati ya Mérida hazina baraza wala uwanja wa mbele. Ukuta wa sebule ndio ukuta wa barabara, na barabara yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba basi likipita, vikombe kabatini hutikisika. Mabasi yalianza saa kumi na moja alfajiri. Kodi ya mwezi ilikuwa imekwisha kulipwa na hairudishwi, na usiku ule wa mwanzo nililia, si kwa ajili ya kelele tu, bali kwa kujiuliza kilichomtoa mtu mzima kwake akaja kulala kando ya kituo cha mabasi katika nchi asiyoijua lugha yake.

Aliyeniokoa ni mwenye nyumba, bibi mmoja aliyekaa mlango wa pili. Mimi nilimwita doña kama desturi yao inavyotaka, na yeye akaniita binti yangu, ingawa tulipishana miaka michache tu. Alinichukua hadi chumba cha nyuma, upande wa pili wa ua, akanionyesha kulabu za chuma zilizopachikwa ukutani, moja huku na nyingine kule, ambazo mimi nilidhani ni za kutundikia nguo. Karibu kila chumba cha Yucatán kina kulabu hizo. Akaleta hamaka ya pamba, kitanda cha wavu cha kuning'inia, akaitundika, akapanda yeye kwanza ili nione: hulali kwa kufuata urefu wake, mgongo ukapinda, bali unalala mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, mpaka nyuzi zinyooke na mwili ukae sawa. Tangu siku hiyo nililala vizuri, na mgongo wangu haukulalamika tena mpaka naondoka.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza maswali haya na udai majibu ya maandishi. Je, basi linapita mbele ya mlango? Chumba cha kulala kiko mbele au nyuma? Umeme umo ndani ya kodi? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa maana umeme wa Meksiko hutozwa kila baada ya miezi miwili na bei ya uniti hupanda kadiri unavyotumia zaidi, hivyo kiyoyozi kinachokesha kinaweza kukuletea bili ya kukushtua. Mimi sikukihitaji. Januari mchana joto hufika nyuzi 28 au 30, usiku hushuka hadi 17 au 18, na hali hiyo kwa mtu wa Tanga ni raha tupu. Isipokuwa siku za upepo wa kaskazini, ambao wenyeji huuita norte. Huo ukivuma, anga hufunga, manyunyu huanguka, na nyumba ya mawe isiyo na chochote cha kuipasha moto inakuwa baridi kweli kweli kwa siku mbili au tatu. Chukua sweta na soksi nzito, na uombe blanketi la pili mapema. Kumbuka pia kwamba Januari na Februari ndiyo miezi ambayo Wakanada na Wamarekani hujaa humo, na wiki ya kanivali kabla ya Kwaresima bei hupanda zaidi. Nyumba nzuri za nyuma, zenye utulivu, huwa zimekwisha ifikapo Oktoba.

La fedha nitalisema upesi. Mashine ya benki itakuuliza kama unakubali kiwango chake cha kubadilishia fedha. Kataa, benki yako mwenyewe ibadilishe, kwa kuwa kiwango cha mashine karibu kila mara ni kibaya. Beba noti ndogo, kwa sababu sokoni hakuna mwenye chenji ya noti kubwa saa moja asubuhi.

Sasa kutembea. Mji wa kale umepangwa kwa mistari iliyonyooka, na barabara zina namba badala ya majina. Namba shufwa huenda kaskazini na kusini, namba witiri huenda mashariki na magharibi. Uwanja mkuu, Plaza Grande, umezungukwa na barabara ya 60 upande wa mashariki, lilipo kanisa kuu. Ya 62 upande wa magharibi, ilipo manispaa. Ya 61 kaskazini na ya 63 kusini. Ukilishika hilo, hupotei. Anwani husomwa kwa kutaja barabara yako na zile mbili zinazoikata, mfano nyumba iliyo barabara ya 60 kati ya 47 na 49, na dereva akipewa namba ya nyumba peke yake atabaki anakutazama. Lakini tahadhari: nje ya katikati ya mji namba hizo hizo hurudiwa katika vitongoji vingine, kwa hiyo jina la kitongoji halina budi kutajwa. Kwenye baadhi ya pembe za mji wa kale utaona pia vibao vidogo ukutani vyenye picha na jina la pembe, tembo hapa, chui kule, kumbukumbu ya enzi ambapo watu walielekezana kwa picha hizo. Nilitumia asubuhi nzima nikivitafuta, na ndiyo asubuhi niliyoanza kuuona mji kuwa wangu.

Jua nalo lina kanuni yake, na hakuna kitabu cha wageni kilichonifundisha. Katika majira ya baridi, kwenye latitudo ile, jua hukaa upande wa kusini mchana kutwa. Katika barabara za witiri, basi, tembea upande wa kusini, kwani kuta za nyumba hukupa kivuli muda wote. Katika barabara za shufwa, tembea upande wa mashariki asubuhi na uhamie magharibi alasiri. Mimi nilitoka mapema, mara tu jua lilipochomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, nikarudi kabla ya saa tano, nikapumzika, kisha nikatoka tena saa kumi jioni. Mchana katikati ni wa hamaka, na si kwa mgeni peke yake. Wenyeji nao hawaonekani.

Njia za waenda kwa miguu ndizo hatari yenyewe, kuliko wezi ambao watu wa Ohio walinitisha nao. Ni nyembamba, mara nyingine hazitoshi watu wawili kupishana, zimeinuliwa juu ya barabara, na katikati yake utakuta nguzo ya umeme, dirisha la chuma lililotokeza nje, au ngazi ya mtu. Mawe yake yamelainishwa na nyayo za miaka mingi. Siku moja ya manyunyu nilimpisha mama aliyebeba mtoto, kisigino kikateleza ukingoni, na kifundo cha mguu kikavimba pale pale. Maduka mengi ya dawa ya Meksiko yana chumba cha daktari ubavuni, ambapo unaonwa bila miadi kwa ada ndogo mno ukilinganisha na Marekani. Nilifungwa bandeji, nikapewa dawa ya maumivu, na gharama yote haikufika hata nusu ya kile ambacho bima yangu ya safari ilinitaka nilipe kwanza kabla yenyewe haijaanza kulipa. Soma kifungu hicho cha bima kabla ya kununua. Na viatu: soli ya mpira yenye mikunjo, iliyokwisha kuvaliwa nyumbani majuma kadhaa. Sendo nzuri ziache kwa ajili ya jioni.

Ule uvimbe ulinipunguza mwendo kwa karibu majuma mawili, na sijutii, maana ndipo nilipoacha kuzurura na kuanza kutazama. Mérida ilianzishwa tarehe 6 Januari 1542 na Francisco de Montejo, yule aliyeitwa Kijana ili kumtofautisha na baba yake, na mahali alipoianzisha hapakuwa pori; palikuwa na T'hó, mji wa Wamaya, wenyeji wa asili wa Yucatán, wenye majengo makubwa ya mawe. Majengo hayo yakabomolewa, na mawe yake yakainuliwa upya kuwa kanisa kuu, lililojengwa kuanzia mwaka 1561 na kukamilika 1598. Ndani ya kanisa hilo mna utupu unaoshangaza, kwa kuwa mapambo yake yaliporwa wakati wa mapinduzi ya Meksiko mwaka 1915. Ng'ambo ya uwanja kuna nyumba ya akina Montejo, ambayo uso wake ulichongwa mwaka 1549: askari wawili wa Kihispania wamesimama na silaha zao, na chini ya miguu yao kuna vichwa vya watu vilivyofumbua midomo. Nilisimama mbele ya vichwa hivyo siku nyingi, maana kuingia ni bure na pana benchi. Hakuna aliyeficha kitu. Mshindi aliandika ushindi wake juu ya mlango wa nyumba yake.

Ukitembea kutoka kanisa hadi kanisa, utausoma mpangilio wa watu wa enzi hizo hata bila mwongozaji. Wahispania walikaa kuuzunguka uwanja. Wamaya waliwekwa pembeni, Santiago na Santa Ana. Wenyeji wa Meksiko ya kati waliokuja na majeshi ya Kihispania walikuwa na San Cristóbal. Na kanisa dogo la Santa Lucía, kaskazini kidogo mwa uwanja katika barabara ya 60, lilikuwa la watu weusi, watumwa na wazao wao. Nililisoma hilo nikiwa nimekaa katika kibustani kilicho mbele ya kanisa lenyewe, mahali ambapo kila Alhamisi usiku tangu mwaka 1965 hufanyika tamasha la nyimbo na ngoma za Yucatán, bure, viti vikiwahiwa mapema. Niliendelea kwenda kila Alhamisi, lakini nilijikuta nikifika kabla ya watu ili niketi kidogo na wale wa zamani.

Kuhusu rangi yangu, watu watauliza, nami nitajibu. Wengi walinidhania Mkuba, kwa kuwa Wakuba wako wengi mjini humo, na nilipotaja Tanzania nilitazamwa kwa udadisi wa kirafiki. Sikukutana na ubaya. Nilichokutana nacho ni upweke, ambao haukuja wiki ya kwanza bali ya tatu, baada ya ugeni kuchuja na kabla ya mazoea kuingia. Kihispania changu kilikuwa cha kununulia nyanya. Dawa yake ilikuwa kwenda mahali pale pale saa ile ile: kahawa kwa mama yule yule sokoni Santiago, benchi lile lile, salamu zile zile. Mtu anayetangatanga kila siku mahali papya hubaki mgeni kwa kila mmoja.

Chakula kinahitaji aya yake, hasa kwa Mwislamu kama mimi. Fahari ya Yucatán ni cochinita pibil, nyama ya nguruwe iliyopakwa viungo na maji ya chungwa chungu, ikaokwa ardhini, na Jumapili mji wote unainukia. Hiyo ni rahisi kuiepuka. Isiyoonekana ni mafuta ya nguruwe, manteca, ambayo huingia katika maharage meusi, katika unga wa tamale, yale madonge ya mahindi yanayopikwa ndani ya majani, na katika sufuria ya kukaangia. Kuuliza kama chakula kina nguruwe hakutoshi, kwa kuwa muuzaji atajibu kwa moyo safi kwamba hakina, akimaanisha nyama. Uliza kuhusu manteca kwa jina. Nilikula sana papadzules, chapati za mahindi zilizojazwa mayai ya kuchemsha na kumwagiwa mchuzi mzito wa mbegu za maboga. Na sopa de lima, supu ya kuku yenye ndimu za kwao. Na samaki wa pwani ya Progreso. Majani ya chaya, mmea wa jamaa moja na muhogo, yakipikwa huniletea kabisa ladha ya kisamvu, na kama kisamvu, hayaliwi mabichi. Pilipili ya habanero usiionje kwa kijiko. Maji ya bomba hayanywewi. Nunua dumu la lita 20, ambalo muuzaji hulileta mlangoni ukimrudishia tupu.

Nifike kwenye mkonge.

Kaskazini mwa mji wa kale inaanza Paseo de Montejo, barabara pana yenye miti pande zote, iliyoanza kujengwa mwaka 1888, na kando yake yamepangana makasri ya mtindo wa Kifaransa. Mojawapo ya yaliyo makubwa zaidi, Palacio Cantón, lilikuwa la jenerali aliyewahi kuwa gavana, na sasa ni jumba la makumbusho. Wageni hupiga picha na kula marquesita, ile chapati nyembamba kavu inayokunjwa na jibini ndani. Nami nilikula. Lakini makasri mengi pale yalilipwa na henequén, mkonge wa Yucatán. Baada ya mashine za kuvunia ngano kuenea Marekani mwishoni mwa karne ya 19, zilihitaji kamba ya kufungia miganda, na kamba hiyo ilitoka hapa. Kampuni ya International Harvester, iliyoundwa mwaka 1902, ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote. Mashambani, Wamaya walifungwa na madeni yasiyolipika, walilipwa kwa vibati vilivyotumika katika duka la bwana shamba peke yake, na Wayaqui, wenyeji wa asili waliotekwa kaskazini kabisa, Sonora, waliletwa kufa humo. Utumwa huo wa deni ulivunjwa Jenerali Salvador Alvarado alipouingia mji na jeshi la mapinduzi mwaka 1915.

Nilipomsimulia mdogo wangu kwa simu, akiwa Muheza, alicheka: "Dada, watu wanastaafu wanakwenda Makka, wewe umekwenda kukagua shamba?" Nikamwambia Makka nilikwisha kwenda, sasa zamu ya shamba.

Nikaenda Sotuta de Peón, shamba la kale kusini-mashariki mwa mji ambalo bado linasindika henequén mbele ya wageni. Si rahisi, ziara na usafiri vilinigharimu kuliko chakula cha wiki nzima, na hapo miguu peke yake haitoshi. Lakini ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote. Unapandishwa kwenye toroli la mbao linalovutwa na nyumbu juu ya reli nyembamba, na reli hizo nilizitambua kabla hazijaelezwa, kwa maana tulikuwa tukizichezea utotoni. Kisha korona, mashine ya kutoa singa kwenye majani ya mkonge. Wao wanaiita vingine, lakini ni korona: mnyororo unaoingiza majani, gurudumu linaloponda, maji ya kijani yakichuruzika chini, na upande wa pili singa nyeupe zinatoka zimelowa. Harufu ile, chachu na kali, sikuwa nimeinusa tangu nilipoondoka kwetu. Wageni wenzangu waliziba pua. Mimi ilinibidi nijitenge nyuma ya nguzo, nifute macho.

Mzee aliyetuonyesha ukataji alikuwa mkataji tangu kijana. Alikata jani, akalisafisha pembeni kwa mikwaruzo miwili ya kisu, na ndipo nilipoona kwamba jani lao lina meno kingoni, tangu chini hadi kwenye mwiba wa ncha. Nikamwambia, kwa Kihispania changu kibovu, kwamba nimezaliwa kwenye mkonge, Afrika, na kwamba jani letu halina meno. Alinitazama mikono kwanza, kana kwamba anatafuta makovu. Kisha akasema basi wa kwetu ni ule wa kijani, yaax kij kwa Kimaya, na wao walishikilia ule mweupe, sak kij, kwa sababu unastahimili ukame na mawe ya Yucatán. Alikuwa sahihi, ni mimea miwili ya jamaa moja. Huo wa kijani ulipelekwa Florida miaka ya 1830 na Henry Perrine, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani mjini Campeche, na kutoka Florida Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kwa ajili ya Afrika Mashariki. Ilifika hai 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani mwaka 1893. Kutokana na hiyo 62 zilitoka Ngomeni, Korogwe na Muheza yote.

Nilimweleza pia kuhusu babu yangu, aliyetoka Kigoma kuja Tanga akiwa manamba, kibarua wa mkataba, na kuhusu kipande chake, kadi ya kazi ya siku 30, ambacho hakikuhesabiwa mpaka kijae. Mzee akauliza kama na kwetu kulikuwa na duka la shamba. Nikasema lilikuwepo. Akatikisa kichwa, akaendelea kukata, kwani kundi lilikuwa linasubiri. Tanganyika ndiyo iliyokuja kuongoza dunia kwa mkonge, na mashamba ya Yucatán yalikuwa miongoni mwa walioumia; kisha nailoni ikaja ikatupiga sote. Kuna mashamba kando ya njia ya kurudi Mérida ambayo mabomba ya moshi bado yamesimama, mti umeota ndani, na hata mimi nisiyejua eneo lile ningeweza kukuonyesha ilipokuwa korona, ulipokuwa uwanja wa kuanikia na ilipokuwa nyumba ya meneja.

Ukitaka kuiona habari hii bila kulipa, nenda Ikulu ya jimbo upande wa kaskazini wa Plaza Grande, ambamo kutani mna michoro mikubwa ya Fernando Castro Pacheco ya historia ya Yucatán, mkonge ukiwemo. Au nenda makaburi makuu ya mji kutazama mahali alipopigwa risasi Felipe Carrillo Puerto, gavana aliyewatetea Wamaya, tarehe 3 Januari 1924. Mapema Januari utakuta mashada ya maua. Ni mwendo mrefu kutoka katikati ya mji, na kivuli ni haba, kwa hiyo nenda asubuhi na urudi kwa basi.

Mwaka ujao nimekwisha kukodi chumba mtaa wa Santiago, cha nyuma, barabara isiyopitiwa na basi, kwa bei pungufu kidogo ya ile ya kwanza, na nimekiwahi Septemba. Hamaka nitakuwa nayo mwenyewe. Zile za singa za mkonge zimeadimika, na nyingi zinazotembezwa uwanjani ni za nailoni hata kama muuzaji anaapa ni pamba. Mafundi wa kweli wako Tixkokob, mashariki mwa mji. Kagua wingi wa nyuzi, maana zikiwa chache zitakukata mwili kabla ya usiku wa manane, kisha mwombe fundi aitundike na ulale humo mshazari kwa dakika kumi kabla ya kuzungumza bei. Fundi mzuri hatakataa.